Taratibu na Simbilisi wa Fundi Cherehani

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika kliniki yetu ya wanyama, muuguzi mkuu wetu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake kamili lipo kwenye faili la utumishi. Kwingine kote, kuanzia getini hadi chumba cha upasuaji, anaitwa Taratibu, na hata mkewe akipiga simu mapokezi huuliza kama Taratibu ameshakula. Wahariri wa jarida letu walinipa mimi wa mapokezi ukurasa mmoja wa kumuaga. Nikawaambia kwamba mtu anayeweza kutumia robo saa kumkata mbwa kucha moja haagwi kwa ukurasa mmoja, wakaniongezea.

Alikuja hapa akiwa kijana mwembamba, akaajiriwa kufagia vizimba. Neno "mwembamba" nimeliandika kwa ushahidi wa picha moja iliyoko stoo, maana sisi wengine tumemkuta akiwa na kifua cha mpagazi na vidole vinene kama ndizi. Alikuwa anafagia huku anauliza maswali. Mbona yule kafungwa bandeji mguu mzima? Kwa sababu ya dripu. Mbona huyu kanyimwa chakula? Kwa sababu anapasuliwa kesho. Daktari wa wakati ule alichoka kujibu, akaona njia rahisi ni kumpeleka chuo. Akarudi na cheti cha uuguzi wa wanyama, na maswali mara mbili ya yale aliyoondoka nayo.

Jina la Taratibu alilipata mwaka wake wa kwanza akiwa muuguzi. Mbwa mmoja mkubwa alikata kamba pale mapokezi, wateja wakapanda juu ya mabenchi, mlinzi akatoka nje na kufunga mlango kwa nje ili, kama alivyoeleza baadaye, kulinda umma. Muuguzi wetu akaketi sakafuni katikati ya chumba, akampa mbwa ubavu na kuanza kusema, "Taratibu, bwana mkubwa, taratibu." Mbwa akazunguka mara kadhaa, akachoka kuwa mkali peke yake, akaja kulala karibu na goti lake. Mlinzi ilibidi abembelezwe zaidi kuliko mbwa.

Neno hilo limesafiri. Kuna kasuku aliyelazwa kwetu kwa ajili ya ugonjwa wa kifua, akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima kabisa. Haikupita wiki mwenye kasuku akarudi kulalamika kwamba kila akiinua kijiko mezani, ndege anamwambia "taratibu, bwana mkubwa," na mke wake anacheka hadi machozi. Alitaka tumwondolee ndege lile neno. Tukamweleza kwamba upasuaji wa aina hiyo haujagunduliwa.

Nisimsifu kupita kiasi, maana atasoma. Taratibu ni mbishi. Chai yake hupoa kila siku, na kila siku huilalamikia kana kwamba imepozwa na mtu. Akishika mgonjwa, foleni ya mapokezi hunigeukia mimi. Tena ni mwizi wa taulo, tuseme ukweli. Taulo za upasuaji, taulo za jikoni, taulo ya mtunza stoo aliyoileta kwa ajili ya uso wake mwenyewe, zote zimewahi kukutwa zimetandikwa chini ya mnyama fulani Chumba cha Pili. Mtunza stoo anasema mafao ya Taratibu yakatwe taulo.

Chumba cha Pili ni kazi yake kubwa kuliko zote. Alipokikuta kilikuwa ghala la viti vibovu. Alikiomba, akakipaka chokaa kwa mkono wake, akakitia rafu na taa ya joto, kikawa wodi ya wagonjwa wa kulala. Mlangoni kuna ubao mweusi. Kila asubuhi, chini ya kila mnyama, huandikwa neno moja kati ya mawili: Anakula, au Hajala. Ubao huo una kanuni yake, ambayo Taratibu aliitunga na daktari wetu mkuu akaikubali baada ya ubishi wa muda mrefu, na kila mfanyakazi mpya huambiwa aikariri. Nusu ya kwanza inasema: anayekula mwenyewe, na maumivu yake yanazuilika, hajaaga. Nusu ya pili inasema: aliyeacha kula, nasi tumeishiwa la kufanya, tusimshikilie kwa ajili yetu. Wengi hudhani nusu ya kwanza ni ya Taratibu na ya pili ni ya daktari. Zote mbili ni zake.

Yote haya ni utangulizi. Ukimuuliza mtu yeyote hapa kuhusu Taratibu, atakuambia habari ya simbilisi.

Kwa asiyemjua simbilisi, ni mnyama mdogo wa kufugwa, mnene kuliko panya, mfupi kuliko sungura, asiye na mkia, ambaye hutafuna majani kutwa na akimsikia anayempenda hupiga mluzi mkali. Huyu wetu aliletwa miaka minne iliyopita ndani ya beseni lililojaa vipande vya vitambaa. Aliyelibeba ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, yule mama mwenye mlango wa bluu anayeshona sare za shule. Alikuwa akishona pamoja na mdogo wake wa kike hadi mdogo wake huyo alipofariki, na simbilisi alikuwa wa marehemu. Wateja walishazoea kumwona amelala karibu na pedeli ya cherehani, miguu ya fundi ikipanda na kushuka, yeye hana habari.

Siku hiyo fundi alikuwa na haraka ya kumaliza sare. Akapachika jora zima la kitambaa juu ya rafu bila kulisukuma hadi ndani. Jora likabingirika, likamwangukia simbilisi mgongoni.

Daktari mkuu alipiga picha ya eksirei, akaiangalia kwa makini, kisha akamweleza fundi kila kitu bila kumficha. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imepata ufa. Miguu ya nyuma haikuwa na hisia. Kama uti wa neva uliomo ndani yake haukukatika, kuna uwezekano mdogo sana wa hisia kurudi baada ya wiki nyingi, na katika wiki hizo mnyama asingeweza hata kukojoa bila mtu.

Fundi alisikiliza amesimama, beseni tupu limebanwa kwapani. "Mpeni tu ile sindano ya mwisho, Daktari," akasema. "Nimemvunja kwa uzembe wangu. Nisimtese tena. Huyu ndiye aliyebaki na mimi, na angalia nilivyomfanya."

Taratibu alikuwa upande wa pili wa meza, na bila kuomba ruhusa ya mtu alitoa unyasi mmoja mfukoni (mifukoni mwake hamkosi nyasi) akausogeza mbele ya pua ya simbilisi. Ukaanza kupungua, kipande kwa kipande, hadi ukaisha.

"Dada," akasema, "huyu anakula."

Daktari akamwangalia Taratibu, Taratibu akamwangalia daktari, na fundi akawaangalia wote wawili. Wakakubaliana: maumivu yazuiliwe kwa dawa, mgonjwa alazwe Chumba cha Pili, na kanuni ifuatwe, nusu zote mbili.

Kazi iliyofuata si ya kupigiwa makofi. Kibofu cha mnyama wa namna hiyo hujaa, na kisipokamuliwa humuua kabla mgongo haujapata nafasi ya kupona. Lazima umshike kwa kiganja kimoja, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine utafute kitu laini, cha ukubwa wa zabibu, mbele kidogo ya nyonga. Ukibonyeza kidogo hakitoki kitu. Ukizidisha, unakipasua. Taratibu, na vidole vyake vile, aliifanya kazi hiyo asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Akimaliza anamsafisha kwa maji ya vuguvugu, anamkausha, anabadilisha taulo, maana manyoya yenye mkojo huchoma ngozi. Kisha anakunja na kunyoosha miguu ya nyuma, mmoja mmoja, kama mtu anayefundisha kuendesha baiskeli. Chupa ya maji aliishusha hadi usawa wa mdomo. Nyasi alizitandaza pande zote ili mgonjwa asilazimike kujiburuta. Kila siku alimpa pilipili hoho mbichi, kwa kuwa mwili wa simbilisi, kama wetu, haujitengenezei vitamini C.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wanaokula wakati huu wanaweza kuliruka. Simbilisi mzima hujikunja na kula choo chake laini, kwa sababu ndani yake mna lishe ambayo tumbo halikuimaliza mara ya kwanza. Huyu hakuweza kujikunja. Basi Taratibu akawa anamwokotea na kumpelekea mdomoni. Wakati wa chai, meza yake ikawa na nafasi nyingi za kukaa.

Mwisho wa wiki kliniki hubaki na mlinzi tu, kwa hiyo simbilisi alikwenda nyumbani kwa Taratibu ndani ya lile beseni. Ndipo mama mkwe wake alipotokea kutembelea bila taarifa. Aliingia jikoni akitafuta maji ya kunywa, akamkuta mkwewe, mtu mzima na mvi zake, ameinama kwenye sinki, ameshika kitu chenye manyoya na anakibonyeza tumbo. Mikono ya Taratibu haikuwa katika hali ya kumsalimia mtu yeyote, sembuse mkwe. "Shikamoo, mama," akasema bila kugeuka. Mama mkwe hakuitikia. Alirudi sebuleni, akaketi, akamwambia binti yake, "Mume wako anakamua panya."

Tunayajua haya kwa sababu mke wa Taratibu alitusimulia mwenyewe, na kila akisimulia hulazimika kushika ukuta. Ukweli ni kwamba mama mkwe hapendi kukaa bure. Siku ya pili alikuwa ameshahamia jikoni, anakata pilipili hoho vipande vyembamba na kumgombeza simbilisi kwa kuchagua. Alipoondoka aliacha maagizo ya namna ya kumlisha, na mkwewe aliyafuata.

Siku za mwanzo fundi alikuja kila jioni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kizimba, mikono imekunjwa mapajani, akamwangalia Taratibu akifanya kazi. Alikataa kumgusa simbilisi. Taratibu alimwambia mara moja, "Dada, njoo ushike hapa," fundi akatikisa kichwa. Mtaani tulisikia kwamba mlango wa bluu haufunguliwi. Wazazi walikuwa wanazunguka kutafuta fundi mwingine wa kumalizia sare, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

Ilipoingia wiki ya tatu, simbilisi akaacha kula.

Asubuhi ya kwanza ubao uliandikwa Hajala, na kila mtu akasema ni hewa tu, itapita. Asubuhi ya pili ukaandikwa Hajala. Taratibu alisaga chakula chake kikawa uji, akampa kwa bomba la sindano kidogo kidogo pembeni ya meno, ukawa unaingia, lakini wote tulijua kwamba kulishwa kwa bomba si kula kwa hiari. Nyasi zilikaa palepale zilipowekwa. Kwa simbilisi, tumbo likisimama mwili mzima hufuata. Chumba cha jirani kulikuwa na mbwa aliyebweka kutwa nzima, na kila akibweka simbilisi alijibana kwenye kona kwa miguu yake miwili iliyokuwa hai.

Daktari mkuu alimbadilishia dawa ya maumivu. Kisha akamwita Taratibu kwenye korido, hatua chache kutoka mezani kwangu.

"Mzee," akamwambia kwa upole, "kanuni ni yako."

"Ni yangu, Daktari."

"Mpaka kesho jioni."

"Kesho jioni."

Nilikuwa napanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Najua kuna waliosema kwamba Taratibu angeandika Anakula na kufunga mlango. Hao hawakumjua. Asubuhi iliyofuata aliandika Hajala mwenyewe, kwa herufi kubwa, ili asiwepo mtu wa kusema hakuona. Halafu akaja mapokezi, akavuta simu yangu bila kuniomba, akampigia fundi. Nilidhani anampigia aje kuaga.

Akamuuliza, "Dada, huyu nyumbani alikuwa analala wapi?"

Simu yetu ina sauti kubwa, haina siri. Fundi alijibu kwamba alilala chini ya cherehani, si wanajua wote?

"Na ukiwa unashona?"

"Ukiwa unashona ndipo analala vizuri. Ukinyamaza anaamka, anapiga kelele."

Taratibu akamtafuta dereva wetu kwa macho. "Basi nakuja na gari tuichukue cherehani."

Fundi alikataa. Alisema tangu siku ile hajaigusa, na hataigusa, kwamba akiiona ile pedeli anaona jora linaanguka. "Siwezi kuikanyaga, kaka. Nisamehe."

"Sijakuomba wewe uikanyage," akasema Taratibu. "Nitaikanyaga mimi."

Ilikuwa cherehani ya zamani, yenye miguu ya chuma na uzito wa ng'ombe. Aliibeba yeye na dereva wetu, wakaipakia nyuma ya gari, wakaishusha, wakaipitisha korido nzima huku wateja wakisogeza vikapu vya paka. Wakaiweka Chumba cha Pili, kizimba cha simbilisi kikawekwa chini yake, karibu na pedeli. Fundi alikuja nyuma yao akiwa amejifunika khanga hadi masikioni, akasimama mlangoni.

Taratibu akaketi. Nimemwona mtu huyu akitafuta mshipa kwa mtoto wa paka asiyezidi kiganja, na akaupata. Kwenye cherehani alikuwa janga. Aliikanyaga pedeli, gurudumu likarudi nyuma. Akaikanyaga tena, uzi ukajisokota ukawa kiota. Akaongeza nguvu, na kitu fulani ndani kikatoa mlio ambao hata mbwa wa chumba cha jirani alinyamaza kuusikiliza. Sindano ikavunjika. Taratibu akafuta jasho, akaendelea kukanyaga bila sindano. Simbilisi alikuwa bado amejibana kwenye kona.

"Acha!" fundi akapiga kelele kutoka mlangoni. "Kaka, acha, utaivunja! Inuka hapo!"

"Nimeshaanza, dada."

"Inuka, nakuambia! Ndiyo inakanyagwa hivyo? Inuka!"

Alimsukuma kwa bega, na Taratibu, ambaye mbwa wazima hawajawahi kumsogeza, akainuka mara moja. Fundi akaketi. Akatoa uzi uliosokotana, akauma mwisho wake, akatafuta sindano nyingine ndani ya droo, akaivisha. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama na kusema, "Nipe kitu cha kushona." Taratibu akampa taulo, maana hiyo ndiyo ilikuwa karibu, nayo ilikuwa imechanika upindo. Fundi akaweka miguu juu ya pedeli na kukaa hivyo. Hakuna aliyemhimiza.

Kisha ikaanza: tiki tiki tiki, sauti nyembamba na sawasawa, taulo ikapita chini ya sindano. Alimaliza upindo mmoja, akaomba taulo ya pili. Taratibu alikuwa nazo nyingi, tunajua zilikotoka. Alasiri nzima fundi alishona mapindo ya taulo zote za kliniki, na sisi tulikuwa tunapita pale mlangoni kwa visingizio. Alipokuwa katikati ya taulo sijui ya ngapi alisimamisha pedeli ili akate uzi. Kutoka chini, karibu na miguu yake, ukasikika mluzi, mkali na wa hasira, wa mtu aliyekatiwa usingizi. Fundi akainama. Simbilisi alikuwa ametoka kwenye kona na ana unyasi mdomoni.

Fundi alilia pale pale, juu ya taulo, na alilia kwa sauti. Nami nililia mapokezi, na mteja aliyekuwa mbele yangu akadhani ni bei ya chanjo.

Daktari mkuu anasema ni dawa mpya ya maumivu, ambayo ilikuwa imeanza kufanya kazi. Fundi anasema ni cherehani. Taratibu anasema ni vyote viwili, na asiulizwe tena. Kabla ya kufunga kliniki alikwenda kwenye ubao, akafuta neno la asubuhi kwa kiganja na kuandika lingine.

Kutoka hapo kazi ilikwenda kwa mwendo wake yeye. Cherehani ilikaa Chumba cha Pili, na fundi akawa anashonea hapo sare za watu. Taratibu alimwekea fundi vidole tumboni mwa simbilisi na kumwonyesha pa kubonyeza. Mara ya kwanza aliondoa mkono kama aliyeungua. Mara ya tatu au ya nne aliuacha. Vidole vilivyozoea kutambua mshono kwa kupapasa vilikipata kibofu haraka, na Taratibu alimsifu mbele ya wauguzi wote hadi wakanuna. Baada ya wiki nyingi kidole kimoja cha nyuma kilicheza. Baadaye mguu wa kushoto ukaanza kusukuma, kisha ukaanza kubeba. Wa kulia haukurudi kamwe. Simbilisi alikwenda nyumbani akitembea kama mtu anayeburuta kiti, anafika anapotaka, na kila asubuhi fundi alimkamua kabla ya kufungua ule mlango wa bluu. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu.

Mapema mwaka huu simbilisi alikufa kwa uzee, usingizini, chini ya cherehani. Fundi alituma mtu kutuambia. Taratibu aliacha chai yake, akavua koti la kazi, akaenda. Alikaa naye kwenye benchi la wateja hadi jioni, na aliporudi alisema tu kwamba wamemzika vizuri.

Ningeweza kuishia hapo, nikaorodhesha vyeti vyake na wauguzi aliowafundisha ambao leo wanaongoza wodi zao wenyewe. Lakini kuna jambo la mwanzoni mwa mwezi huu ambalo wengi wenu hamkuwepo kuliona.

Fundi mwashi alileta paka aliyeanguka kutoka juu ya paa analolijenga. Tulipomwona paka anavyojivuta kwa miguu ya mbele hatukuhitaji kuambiwa. Eksirei ilithibitisha. Daktari alieleza, mwashi akaikunja na kuikunjua kofia yake, na wote tukamgeukia Taratibu, kama kawaida. Paka alikuwa analamba dagaa kwenye kiganja chake. Taratibu akampapasa kichwa kwa muda mrefu, kisha akasema neno ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Huyu simwanzi."

Akatueleza, na sauti yake haikuwa nzuri. Alisema hii ni kazi ya miezi, naye anaondoka mwisho wa mwezi. Alisema mnyama wa namna hii huzoea mikono fulani, na kumwanza halafu kumwacha njiani ni kumvunja mara ya pili. Atafutwe mwenye muda. Tukatazamana. Kila muuguzi ana wagonjwa wake mpaka shingoni, na zamu ya asubuhi sana haina mtu tangu mwaka jana. Daktari akairudisha picha ya eksirei kwenye bahasha. Mwashi akauliza, kwa sauti ya chini, kama basi ndiyo hivyo. Taratibu alikuwa anaangalia dirishani.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mapokezi na fungu la taulo zetu alizokuwa amezishona mapindo, amekuja kuzirudisha. Nilimwona anaziweka juu ya meza yangu. Akapita bila kuniuliza, akaenda kwenye sinki, akakunja mikono ya blauzi na kunawa hadi kwenye viwiko, polepole, kila kidole peke yake. Akajikausha. Akaja kusimama mbele ya meza ya mgonjwa, upande wa pili wa Taratibu.

"Kaka," akasema, "kwa paka, kibofu kiko wapi?"

Taratibu akageuka kutoka dirishani, polepole hata kwa vipimo vyake. Halafu akauchukua mkono wake na kuuweka mahali pake.

Paka yuko Chumba cha Pili, na leo asubuhi ubaoni ameandikwa Anakula. Fundi anashika zamu ya alfajiri kabla ya kufungua duka. Utawala umempa koti la kazi, akalifumua usiku huohuo na kulishona upya, akisema aliyelishona mwanzo hakuwa na huruma.

Kwa niaba ya madaktari, wauguzi, mlinzi, dereva na mtunza stoo, ambaye amekusamehe taulo zote isipokuwa moja, tunakushukuru. Tunamshukuru mkeo kwa kutuazima wewe miaka yote hii, na mama mkwe kwa pilipili hoho. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na chai ya moto. Asubuhi ya tarehe moja tunajua utaamka kabla ya jua, utatafuta viatu na kushika njia ya huku. Rudi kitandani, Taratibu. Paka ana mtu.